Ng'ombe Wako Niliyemkamua Bila Kuomba

Cherotich mwanangu,

Habari ya blanketi, ya sweta mbili na ya wale watu wa stendi wanaonyakua sanduku la mtu bila kuitwa, mama yako amekwisha kukuambia, tena mara tatu. Sirudii. Mimi nikianza na sanduku nitafika kwa soksi, na lile lililonileta kwenye karatasi litabaki pale pale lilipokaa miaka mitano.

Umepanda kwa kogo kumuaga kabla ya safari ya kesho, na namjua nyanya yako, hatakuachilia kabla hujamaliza kibuyu cha mursik, maziwa yake ya mgando. Kwa hiyo nina nafasi. Niko dukani hapa Sosiot, nimefunga mlango wa mbele, na mvua ya mawe inapiga mabati mpaka sijisikii nikifikiri. Moraa yuko nyuma kwenye mashine ya chapa, anapanga herufi. Kazi gani anayopanga, nitakuambia mbele. Nimemwomba leo asinisemeshe, naye amechungulia akaona kurasa, akasema, "Mzee, hiyo ni barua ama ni katiba?" Nimemwelekeza kwa kalamu arudi kwenye herufi zake. Unajua Moraa akijibiwa hamalizi.

Asubuhi nilipita chumbani kwako nikaona sanduku likiwa wazi. Umetia Biblia, umetia kikombe cha bati, umetia hata lile daftari lililoraruka. Mkebe wa dadu umeuacha juu ya kabati. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu nikatoka nikaja kuandika.

Unakumbuka siku tulipoupata? Yule meneja wa shamba la chai alikuwa anarudi kwao Ulaya na mkewe ametandaza vyombo vyote nyasini, wanauza. Mimi nilifuata mashine ya kukatia karatasi tu. Mama yule akakaza kwamba anayechukua mashine achukue na boksi la vitabu lililo chini yake, hataki kubaki na takataka. Nikalibeba nikinuna. Ndani kulikuwa na kitabu chenye picha ya mnara kwenye jalada, na kifuko cha dadu ambazo sijawahi kuona: za pande nne, za pande nane, na ile moja ya buluu ya pande ishirini uliyodhani ni peremende ukaitia mdomoni. Mtoto wa miaka kumi na moja, mzima!

Nilikisoma kile kitabu jioni tatu. Hakina ubao, hakina mshindi, hakina mwisho. Nikamwambia mama yako, hawa watu wana wakati wa kupoteza, mchezo gani usio na mshindi? Wewe ndiye uliyenielewesha. Ulikuwa unatoa mahindi kwenye gunzi, hata hukuinua kichwa. "Baba, ni kama kogo akisimulia, ila sisi tunaruhusiwa kumkatiza."

Basi tukacheza. Wewe ndiwe msimulizi, sisi wengine kila mmoja na mtu wake, unatuuliza, "Mmefika mtoni, mnafanya nini?" na mtu akitaka kuruka anatupa dadu, nayo ndiyo inayoamua kama amevuka au amelowa. Minara na majoka ya kile kitabu yalikuchosha wiki ya pili. Ukatuleta kwetu. Ukasema chini ya majani chai kuna nchi, mlango wake ni pale matawi yalipokatwa, na anayeingia lazima awe na kikapu mgongoni. Kukawa na makarani wa jicho moja wanaopima vivuli vya watu kwenye mizani. Kukawa na Bibi Barafu, anayeshuka na mvua ya mawe kila alasiri, asiyerudi juu mpaka apewe chumvi.

Na mama yako! Alianza kwa kusema ni mambo ya shetani, atamwambia pasta. Mwezi haujaisha, yeye ndiye mchumaji mkali kuliko sisi sote. Nakumbuka alivyompiga karani wa jicho moja kwa thamosi, akasimama kabisa jikoni, akatupa ile dadu ya buluu na kupiga kelele, "Ishirini! Ishirini, haki ya Mungu!" Sufuria ya kimnyet, ugali wetu, ikaungua. Tulikula ukoko tukicheka. Sijui kama nyumba hii imewahi kuwa na furaha kama ile, na ndiyo maana nasema ninalosema.

Wazo la kuchapa kijitabu lilikuwa langu. Hilo naliweka wazi, maana ndilo langu pekee. Watoto wa shule walikuwa wanakuja kucheza mpaka tunakosa viti, nikasema, kwa nini tusitoe kijitabu cha nchi hii ya chini ya majani? Ndani tutachapa kwa stensili, jalada kwa herufi za risasi. Nikapanga jalada la mfano, nikanakili na ule mnara wao, maana niliuona unapendeza. Moraa akaja, akaangalia.

"Hii picha ni ya nani?"

"Ya wenye mchezo."

"Wamekupa?"

"Wako ng'ambo, Moraa."

"Sijauliza wako wapi."

Nilikasirika, unajua hasira zangu, nikamwambia arudi kwa herufi zake. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Mimi ni mchapaji. Nimekwisha kumfukuza mtu hapa dukani aliyetaka nimchapie mhuri wa chifu. Nikaketi, nikawaandikia wale watu, anwani niliipata ukurasa wa mwisho wa kitabu chao. Nikangoja miezi minne. Kila siku posta. Yule karani wa posta akawa ananiona kwa mbali anatikisa kichwa hata kabla sijafika.

Jibu likaja, kurasa mbili zilizopigwa chapa, na hiyo ndiyo ikawa leseni. Tuliisoma pamoja mimi na wewe, wewe ukitafuta maneno magumu kwenye kamusi. Mnara wao nisiuweke kwenye jalada. Ningeweza kusema ndani, kwa herufi ndogo, kwamba kijitabu hiki kinafaa kuchezwa pamoja na kitabu chao, lakini nisiseme wala nisiashirie kwamba wao ndio waliokitoa. Maneno yao nisiyanakili, hata sentensi moja. Nakala mbili ziende kwao kabla sijauza hata moja. Wakisema acha, niache.

Hapo tukakwama, unakumbuka? Kama siwezi kunakili sheria zao, mtoto wa Kapsoit atachezaje, na kile kitabu kiko kimoja tu Belgut nzima, nacho kimemwagikiwa chai? Nikawaandikia tena. Wakajibu kiungwana kwamba njia ya kucheza haina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kutupa dadu na kuhesabu, lakini maneno waliyoyatumia kuieleza yana mwenyewe. Nikaeleze kwa maneno yangu.

Maneno yangu! Nilijaribu siku mbili, nikatoa kitu kama notisi ya mahakama. Ukanipokonya karatasi. Ukatunga sheria zako, za dadu mbili tu za kawaida zile za ludo, maana ulisema nani huku ana dadu ya pande ishirini. Ukaweka na ile sheria ninayoipenda mpaka leo: anayeshindwa hafi, anarudi nyumbani kunywa maziwa, anakosa zamu moja, halafu anaingia tena. Kwenye kitabu cha wazungu walikuwa wanakufa tu. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Akifa atakaa pale akituangalia tukicheza, na hiyo ni mbaya zaidi."

Siku ile nilieleza leseni mbele ya mama yako na Moraa, nikijidai kama wakili. Nikasema, hawa watu hawajaleta jambo jipya, hii ni kimanagan tupu. Babu yako alikuwa na ng'ombe wake kwenye boma za watu watatu, na wa watu wengine walikaa kwake. Unampa mtu ng'ombe akae naye. Maziwa ni yake, samadi ni yake. Ng'ombe si wake. Haruhusiwi kumuuza wala kumchinja wala kubadilisha alama ya sikio. Na mgeni akipita akauliza, ng'ombe huyu mzuri ni wa nani, anataja jina la mwenyewe bila kumung'unya maneno. Mkashangilia. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Sasa kulikuwa na karatasi ya tatu kwenye ile bahasha, ya kujaza na kurudisha. Hiyo hatukuisoma pamoja, niliiacha mpaka kijitabu kilipokuwa tayari, nawe umekwisha kwenda shule ya bweni. Ilisema kwamba mimi niliyetia sahihi hapa nathibitisha kazi hii nimeitunga mwenyewe, au nimepewa ruhusa na aliyeitunga, na jina lake ni hili. Kulikuwa na nafasi ya jina. Cherotich, niliandika langu. Nikapuliza wino ukauke. Nikaenda posta nikipiga mluzi.

Nataka uelewe jinsi ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Sikukaa nikapanga kukuibia. Ingekuwa afadhali, maana mwizi anajua. Kwetu, kilichozaliwa bomani ni cha mwenye boma. Kimanagan ni kati ya mzee na mzee. Nani amewahi kuona baba akienda kwa mtoto wake kuomba ng'ombe? Wazo lenyewe halikufika mlangoni.

Ukarudi likizo, vijitabu vimepangwa juu ya meza, bado vinanuka wino. Ukachukua kimoja ukakinusa, kama ulivyokuwa ukifanya tangu mdogo. Ukasoma jalada. *Nchi ya Chini ya Majani*, na chini yake jina langu, kubwa, herufi nilizozichagua mwenyewe.

"Baba, jina ni lako."

Nami nikacheka. "Na wewe ni wa nani?"

"Mimi ni wako," ulisema. Ukakirudisha juu ya vile vingine, ukanyoosha kingo zake zilingane, ukaenda kumsaidia mama yako kuteka maji.

Moraa hakucheka. Alingoja utoke. "Mzee, barua ya Ulaya umeingoja miezi minne, unaogopa hata kuchapa ukurasa. Huyu analala chumba cha pili. Ulishindwa kubisha?" Nilimwambia aende kwao Chepilat akamfundishe baba yake. Alienda siku mbili. Jumatatu akarudi, akafunga aproni, akaendelea na kazi kama kwamba hakuna kitu, na mimi sikumwomba msamaha. Nimemwomba wiki iliyopita. Amesema alikuwa amesahau. Uongo, Moraa hasahau.

Likizo ile mama yako alikuita tucheze. Ukasema una kazi za shule. Siku nyingine ukasema kichwa kinauma. Halafu dadu zikaingia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, mkebe ukapanda juu ya kabati. Mimi nilijiambia umekua. Wasichana wanakua, wanaacha michezo. Nilijiambia hivyo miaka mitano, na kila nikisema nilijua si kweli.

Na kijitabu kilienda! Walimu wananisimamisha sokoni. Mmoja aliniuliza mbele ya watu, hilo jambo la Bibi Barafu na chumvi, Mzee, ulilitoa wapi? Nikasema lilinijia tu nikioga. Lilikujia wewe, mwanangu, ukiwa na miaka kumi na miwili, ulipomwona kogo akirushia kabichi zake chumvi ya ng'ombe ili mawe yayeyuke, huku akiitukana mvua. Nilikuwepo. Nilikuona ukiacha kutafuna, macho yametoka. Nimeishika siku ile kichwani kama picha, na bado nilisema nikioga.

Kuna kitu sijawahi kukuambia. Nikiwa na miaka tisa, baba yangu alinionyesha mtamba mwenye doa jeupe la paji akasema, huyu ni wako. Nikampa jina. Nikawa natembea naye kama ndugu. Aliponenepa akatolewa mahari ya kaka yangu, na hakuna aliyeniambia, niliona tu nafasi yake asubuhi. Nilimwuliza baba. Akacheka, akasema, "Na wewe ni wa nani?"

Maneno yale yale, Cherotich. Nililia nyuma ya ghala ya mahindi nikaapa kwamba mimi sitakuwa baba wa namna hiyo. Halafu yakanitoka mdomoni mepesi, tena kwa kicheko kile kile, kama kwamba yalikuwa yanangoja zamu yao. Nimekaa na hilo muda mrefu. Sina funzo la kukupa juu yake. Najua tu kwamba maumivu ya mtu hayamzuii kumwumiza mwingine. Mimi yalinifundisha maneno, basi.

Mwezi uliopita wale wenye mchezo wameandika tena. Wanatoa kitabu kikubwa cha nchi mbalimbali za kuchezea, na wanataka nchi yetu iwemo, na michoro ya rangi. Mara hii si mimi kuomba kwao, ni wao kuomba kwetu. Wameleta karatasi ya mtungaji kutia sahihi: wao watachapa kwa miaka michache, kisha haki ya kuchapa inarudi, na wakati wote nchi inabaki mali ya aliyeitunga, jina lake juu. Nilikaa na kalamu juu ya ile nafasi. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Nikafunika kalamu.

Nimewajibu. Nimewaambia ile sahihi ya kwanza haikuwa ya kweli, kwamba kazi si yangu, na mwenyewe hajawahi kuulizwa. Barua nimeituma kwa rejista, sikumwambia mtu ila mama yako. Akaniangalia sana, akasema, "Umechelewa, lakini umefika," akaniongeza chai. Huenda wale watu wakaifuta leseni yote. Wana haki, nilivunja. Wakiifuta, vijitabu vilivyobaki vitafungia nyama buchari, na yule mwalimu wa sokoni nitamwambia mwenyewe sababu. Naogopa siku hiyo, sikufichi.

Karatasi yao nimeikunja ndani ya barua hii. Nafasi ya jina ni tupu. Ukitaka kuijaza, ijaze. Ukitaka kuwaambia hapana, nchi ni yako, waambie hapana. Ukiona uitie jikoni kesho kabla ya chai, moto utakuwa umewashwa. Sitakuuliza, na mama yako nimemkataza kukuuliza, ingawa yeye sina mamlaka juu yake.

Mkebe niliushusha asubuhi kabla sijatoka, nikaupangusa vumbi. Sikuutia kwenye sanduku lako. Nimeuweka mezani, karibu na taa. Hata hilo nilitaka kulifanya bila kuuliza, mkono ulikuwa umekwisha kuingia kwenye sanduku. Tabia ya mtu, mwanangu, haiishi kwa barua moja.

Na sasa Moraa. Anapanga jalada jipya. *Nchi ya Chini ya Majani*, imetungwa na Cherotich. Mimi nimebaki mstari wa mwisho chini kabisa, mchapaji. Lilikuwa wazo langu nikupe nakala kesho stendi, nikushtue. Moraa ameniangalia kwa lile jicho lake. "Mzee. Tena?" Nami nikaelewa, safari hii kabla ya miaka mitano.

Kwa hiyo jina lako limekazwa kwenye fremu, liko tayari, na mashine imefungwa. Barua hii natuma mtoto akuletee huko kwa kogo; ukirudi pitia dukani, taa itakuwa inawaka. Nitakuomba kwa mdomo wangu, nimesimama, kama mtu anavyoenda kwa mwenye ng'ombe. Ukikataa, tutazirudisha herufi kwenye masanduku yake, moja moja.

Hatujatia wino.

Baba yako